Msomaji wa Bwana Administrata

Jumatatu, 2 Machi 1953. Kasongo.
Siku yangu imefika! Bwana Administrata ametuita bironi, ofisini kwake, sisi makarani wa posta. Eti waungwana, Waislamu wa hapa, wanaandikiana mno na watu wa Kabambare, kwa yale maandishi ya Kiarabu, na serikali inataka kujua wanasema nini. Nani anaweza kusoma? Ismaël, aliyesoma chuo cha Kurani tangu utoto, akatazama viatu vyake. Mwoga! Nikasema mimi naweza. Sijui hata herufi moja ya zile ndoano zao. Lakini Jumamosi komisyo ya wazungu inakuja nyumbani kunipima kwa karte ya mérite civique, kadi ya mtu mstaarabu, na mwenye karte hachapwi fimbo.

Jumanne, 3 Machi.
Barua ya kwanza. Imetoka Kabambare, bahasha ina jina la Abedi, muuza chumvi. Nimeifungua kwa mvuke wa sufuria ya bugali. Marguerite, mke wangu, akauliza tangu lini barua ya mutu iko mboga. Wanawake! Nimeitazama saa nzima. Sijui hata juu ni wapi. Nikamwambia Bwana wanalalamikia kodi. Akafurahi. Nani asiyelalamikia kodi? Basi si uongo.

Jumatano, 4 Machi.
Balaa! Bwana anataka tafsiri kwa maandishi, neno kwa neno. Nikaenda kwa Moustapha, mwalimu wa chuo, nikasema nimeandikiwa na shangazi yangu. Akasoma kwa sauti. Salamu, salamu, tena salamu, mpaka kwa watoto, kila mmoja kwa jina lake (hawa watu hawachoki!). Kisha: mama yuko hoi, anakuita kwa jina, njoo haraka, ukikawia hutamkuta. Akaikunja barua. Akaniuliza shangazi yangu anawajuaje watoto wake yeye.

Kumbe barua ni yake! Hana sanduku la posta, anapokea kwa jina la Abedi. Mtaa mzima unapokea kwa jina la Abedi. Sasa serikali itajuaje nani ni nani? Fujo tupu! Akaitia barua mfukoni, akapita kwa Abedi kuaga, akapanda kinga, baiskeli yake, akakanyaga kwelikweli. Barua ya serikali, na hakuomba ruhusa!

Tafsiri nimeandika hata hivyo. Nimeeleza kwamba "mama" ni fumbo, maana yake uasi. "Njoo haraka" ni njoo na silaha. Bwana ameipigia muhuri.

Alhamisi, 5 Machi.
Mapolisi wamemshika Moustapha kwenye kivuko cha mto Luama, wakamsomea tafsiri yangu mbele ya abiria wote. Bwana amenipa mkono. Mkono!

Lakini nyumbani nimekuta watu wamejipanga mlangoni, kila mmoja na karatasi yake. Mbele yao Aziza, mke wa Abedi. Eti wamesikia serikali imepata mwalimu mupya, basi niwasomee. Yake yeye iko dawa ya upele, akasema, na akaniomba nisiwaambie mapolisi kwamba upele ni uasi. Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini. Nimefunga mlango. Wivu tu.

Jumamosi, 7 Machi.
Aibu gani hii! Komisyo imeingia mpaka chumbani, Bwana mbele yao. Wamehesabu uma, wamefunua sufuria, wamechungulia choo, wamemuuliza Marguerite kama tunalala na shuka. Nyumba ya mtu hiyo! Hawana haya? Halafu muzungu mmoja akainua godoro, akatoa daftari hili. Nikapiga kelele kwamba hayo ni mambo yangu ya siri. Marguerite akasema taratibu kwamba kumbe mutu anaweza kuwa na siri. Si wakati wa kusema hivyo!

Bwana akasoma mstari kwa mstari. Alipofika "sijui hata juu ni wapi" akarudia mara mbili, masikio yakawa mekundu. Wametuma neno Moustapha aachiliwe. Karte nimekosa. Ismaël naye amekosa yake, kwa sababu ya ukurasa wa kwanza: alijua kusoma akanyamaza. Hilo limenituliza kidogo.

Jumatatu, 16 Machi. Wamaza.
Nimetupwa huku kupima pamba. Moustapha amepita leo, anarudi Kasongo. Alifika Kabambare Jumapili ile ya tarehe 8. Mama yake walikuwa wamemzika tangu Ijumaa. Watu wanasema alimwita mpaka mwisho. Nikampa pole, akapanda kinga yake akaenda. Hasira za nini? Angekuwa na sanduku lake mwenyewe, haya yote yasingetokea.

Tarishi wa chifu ameniachia barua moja mpaka kesho. Gundi mbovu. Ndani ni zile ndoano tena, naziona kwenye mwanga. Sasa nimezizoea, mstari wa kwanza lazima ni salamu. Nimeweka sufuria motoni. Daftari nitalificha darini, maana watu wa siku hizi hawana adabu, wanasoma mambo ya wenzao.