Pensheni ya Jirani

Jumatatu, 8 Machi 1993. Dilala.
Tangu jirani yangu Tshilombo astaafu mapema na kuchukua pensheni yake yote kwa mkupuo, sina raha. Amenunua mashine ya kusaga mahindi. Inanguruma kutwa nyuma ya ukuta wangu. Mi bado fundi umeme wa kampuni ya madini, machimbo ya shaba yaitwayo Mashamba yamesimama, mishahara haiji. Yeye ananenepa.

Alhamisi, 11 Machi
Watu wenye asili ya mkoa wa Kasai wanafukuzwa mjini. Tshilombo asili yake ni huko; kazaliwa hapa hapa, lakini naye ameondoka nyumbani. Mke wangu Agnès aliwaficha watoto wa Tshilombo chumbani kwetu hadi leo, walipokwenda wote stesheni kungoja treni. Agnès analia. Nami nimesikitika, kweli. Kisha nikaikumbuka mashine. Sasa ataiuza rahisi.

Ijumaa, 12 Machi
Nimeomba kustaafu mapema na kulipwa yote kwa mkupuo. Karani wa kampuni, Ngoy, aliniuliza, “Baba Kabamba, kichwa iko muzuri? Ngoja kidogo tu, utapata pensheni kila mwezi mpaka kufa.” Nilimjibu kwamba hajui biashara. Nimetia sahihi.

Jumanne, 23 Machi
Nimepewa mfuko mzima wa noti. Bei zimepanda kiasi kwamba mfuko wenyewe una thamani kubwa kuliko noti. Hata hivyo nimekimbia stesheni. Treni bado haijaja; watu wamelala chini, kati ya masufuria na magodoro. Tshilombo alinikumbatia. Nikamweleza kwamba nimekuja kumsaidia: nainunua mashine. Alinitazama kwa mshangao.
“Mama Agnès hakukuambia? Niliachia yeye. Bure. Ni yeye alificha batoto yangu.”
Nimerudi kwa miguu.

Alhamisi, 25 Machi
Agnès amesema anaitunza mashine mpaka wenyewe warudi, na nikitaka kula nibebe magunia. Nimebeba. Wateja wanamwita mama patron, yaani bosi. Mi wananiita mutu ya magunia. Sikujua mtu anaweza kumwonea wivu mke wake mwenyewe.

Jumatatu, 5 Aprili
Tumemzika Kalumba, fundi mwenzangu aliyekataa kustaafu. Kwa kuwa alifia kazini, kampuni imempa jeneza zuri la mbao ngumu, vishikio vya shaba, na lori la kumpeleka makaburini. Mstaafu hapewi hata msumari. Nilimpa mjane wake, Elise, pole, lakini macho yangu yalikuwa kwenye vishikio. Mtu mwenye bahati, Kalumba.
Kesho asubuhi nakwenda kumwomba Ngoy anirudishe kazini.