Mkurugenzi Afungua Ukumbi wa Mazoezi Makali ya Wawili Wawili

Mheshimiwa Mama Mkaguzi kutoka makao makuu, uliyeketi mbele kabisa na miwani yako. Waheshimiwa wakuu wa idara. Waheshimiwa makaimu wakuu wa idara. Wasaidizi wa makaimu, pamoja na wanaowasaidia wasaidizi pasipo posho. Dada yetu wa masjala. Mzee wetu dereva, ambaye naona umesinzia lakini cheo chako hakijasinzia. Wageni waalikwa na wageni mliojialika. Mabibi na mabwana: itifaki imezingatiwa, na ambaye haikumfikia aizingatie mwenyewe hapo hapo alipokaa. (Makofi, hasa kutoka safu ya watumishi wa mkataba.)

Nyuma yangu mnauona Ukumbi wa Mazoezi Makali ya Wawili Wawili, wenye madirisha mapana, mlango wa vioo na ngazi za marumaru, jengo ambalo wengi wenu mlipita hapa jana mchana na hamkuliona, na hiyo ndiyo kasi ya utekelezaji ninayoisema kila siku watu wakadhani nafanya mzaha. Mama Mkaguzi ameniuliza mara mbili kama anaweza kuingia ndani. Mama, mgeni njoo, mwenyeji apone; lakini kwanza apone kwa hotuba. (Kicheko. Mama Mkaguzi hacheki.)

Kitaalamu, hii ni programu ya kuimarisha kapasiti ya mwili wa mtumishi katika fremuweki ya jasho shirikishi, yaani mnachuchumaa, mnarusha miguu nyuma, mnaamka, mnaruka, mnahema kidogo, halafu mnaanza upya kabla moyo haujajua kilichotokea, na pembeni yako yuko mwenzi wa kukuhimiza usife kabla ya zamu yake. Mwongozo wake niliuandika kwa mkono wangu, kwa kumwagiza karani auandike, na unasema wazi kwamba katika kila jozi mwenye cheo cha chini ataruka na mwenye cheo cha juu atahesabu. Fidibaki ikaonyesha kwamba wakuu wengine wana vikao, hata kuhesabu kunawachosha. Tukaruhusu kukaimisha. Mimi, kwa mfano, nimekaimisha mwili wangu wote kwa karani wangu huyu hapa, ambaye kila asubuhi huruka kwa niaba yake, kisha huruka kwa niaba yangu, nami namhimiza kutoka dirishani nikiwa na kikombe cha chai. Simama, mwanangu, waone impakti. (Karani anasimama, mkono mmoja ukishika suruali isishuke. Makofi ya huruma.)

Alikuja hapa na mashavu. Leo upepo ukivuma tunamwita ndani. Kwa wastani huo, watumishi wetu wamepungua asilimia mia moja na nne, na hizo nne ni ziada tutakayoirudisha makao makuu kwa uaminifu. (Sauti ya dereva: "Na wewe mkubwa umepungua wapi?") Mzee wangu, si ulikuwa umelala? Endelea.

Mkataba wa kijana huyu unakwisha mwisho wa mwezi. Mama Mkaguzi akiridhika na ukumbi huu, kijana atabaki; asiporidhika, tutamlilia. Simtishi. Namhamasisha tu.

(Mama Mkaguzi anasimama: "Mkurugenzi, nina safari. Tuingie ndani, au nikuone wewe mwenyewe na mwenzi wako mkifanya zoezi. Chagua.")

Mama, ndani pamefungwa kwa sababu za kiufundi. Basi, karani, njoo. Nishike mikono. Tunatazamana, tunaegemea nyuma kila mtu upande wake, tunashuka pamoja. Huyu akimwachia yule, wote chini. Falsafa nzuri sana. Tunashuka. Tumeshuka. (Sauti ya kitu kama mlango mbovu. Ni magoti ya Mkurugenzi.)

Naendelea kuhutubia nikiwa huku chini, karibu na wananchi. Mafanikio yetu ni mengi. Karani, mbona mikono yako inatetemeka? (Karani: "Nashika watu wawili, mkubwa.") Usiniachie, mwanangu. Nakupa mkataba wa mwaka. (Mikono inateleza.) Miaka miwili. Mimi na baba yako tulisoma pamoja. (Karani: "Baba hakusoma, mkubwa.") Basi tulikutana njiani. Ajira ya kudumu. Mbele ya mashahidi wote hawa, ajira ya kudumu, msimamizi wa ukumbi huu mpaka ustaafu, ila nivute, nivute, mama yangu wee. (Karani anavuta. Mkurugenzi anaamka. Makofi ya kweli, ya kwanza leo. Dereva anapiga mluzi.)

Ndugu zangu, mmeona. Huo umekuwa ushahidi wa kisayansi. Umebaki ukurasa mmoja wa shukrani, ambao karani aliniandalia kwa uangalifu, na kwa kuwa miwani yangu imejaa jasho na pumzi ninazikopa, nitausoma kama ulivyo.

Tunamshukuru fundi wa kuchora mabango, aliyechora jengo hili lote kwa rangi ya nyumba, na mlango akauchora mara mbili maana wa kwanza ulimwendea upande. Tunamshukuru mwenye turubai, ambaye anakumbusha kuwa ni la kukodi na leo jioni linakwenda kwenye arusi. Tunawashukuru walinzi wawili walioko nyuma, wanaoshikilia nguzo ili ghorofa lisituangukie. (Kutoka nyuma ya jengo mtu anajibu: "Karibu, mkubwa.")

Karani. Haya uliyaandika yasomwe? (Karani: "Uliniambia nisimsahau mtu hata mmoja, mkubwa.")

Jasho la wawili, nguvu ya taifa! Mmoja aruke, mmoja ahesabu! (Dereva peke yake: "Mmoja aruke.") Mama Mkaguzi, unaandika nini hapo? (Mama Mkaguzi: "Naandika nilichosikia. Karani, ajira ya kudumu, msimamizi wa ukumbi. Mkurugenzi, utatia sahihi hapa chini. Mengine tutayazungumza ofisini kwangu.")

Natia sahihi. Asanteni kwa kunisikiliza, na kila anayetoka asiliegemee jengo. Nawe msimamizi, pokea majukumu yako sasa hivi: kunja ukumbi taratibu, rangi haijakauka.