Jina la Mpwa Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mdogo wangu anajifungua mwezi huu. Mtoto wa kiume, daktari kathibitisha. Kwa hiyo jina limeshapatikana: langu. Sijamwambia mtu. Kuna haja gani? Mjomba ni mimi peke yangu. Ni mimi niliyemlea huyo mama mtarajiwa baada ya wazazi wetu kufariki. Nina miaka hamsini na mbili, sina mke, sina mtoto, na nina jina zuri linalokaa bure.

Najua ninachosema. Natengeneza mihuri na vibao vya majina. Majina ya watu yamepita mikononi mwangu kwa maelfu, mengine ya kusikitisha.

Leo nimechonga kibao cha kitanda cha mtoto. Herufi za mviringo. Nimekificha nyuma ya chupa za wino.

Jumanne, 4 Machi

Balaa! Mdogo wangu na mumewe wanakaa ghorofa ya juu yangu, na leo wamenialika chai. Shemeji ni fundi majokofu, maneno yake kwa siku hayazidi ishirini, hana shida. Shida ni dada yake. Ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi; hata akikuomba sukari unajiona umechelewa darasani. Kabla sijakaa vizuri, akatangaza kwamba mtoto ataitwa Hekima. Akanitazama juu ya miwani kana kwamba nimeongea bila kunyoosha mkono.

Mdogo wangu akasema si jina baya. Shemeji akasema si baya. Na mimi nikasema si baya. Mdomo huu!

Nimeshuka ngazi nikiwaza. Kubishana na yule mama ni kujisumbua. Lakini jina likichafuka, nani atalitaka?

Alhamisi, 6 Machi

Nimechukua paka. Muuza samaki alikuwa anamfukuza kwa makosa mengi, na ushahidi alikuwa nao. Jicho moja limefumba nusu, mkia umepinda. Nimempa jina Hekima.

Asubuhi nzima nimesimama uani nikipaza sauti ifike juu. Hekima, toka kwenye pipa la taka! Hekima, acha kulamba gundi! Dirisha la mdogo wangu lilifunguka, likabaki wazi. Kazi imeanza vizuri.

Jumamosi, 8 Machi

Hekima alikuwa haonekani tangu jana. Kazi zimenilalia mezani na mimi nazunguka mtaani. Nimemuuliza fundi cherehani, jirani yangu, kama ameona Hekima. Akasema kwangu hajaiona hata siku moja, na tumekaa ukuta kwa ukuta miaka kumi na tatu. Mteja aliyekuwa anapimwa gauni alicheka mpaka akachomwa na pini. Kwa kinyozi ikawa yaleyale. Aliniuliza niliipoteza lini. Nikasema jana asubuhi. Akasema alidhani zamani zaidi.

Saa kumi nimempata juu kwa mdogo wangu, amelala ndani ya kikapu cha nguo za mtoto kama mwenye nyumba. Mdogo wangu hakumfukuza. Nikaomba radhi, nikambeba. Kwenye ngazi nilimsema kidogo. Ulikuwa wapi, baba? Umekula lakini? Njoo tukale.

Si kwamba nampenda. Ni mkakati.

Jumapili, 9 Machi

Ushindi! Mwalimu Mkuu amelisikia jina la paka. Amesema hawezi kumwita mtoto wa kaka yake jina la mlamba gundi, na akaliondoa papo hapo. Nilijitia kusikitika. Furaha yenyewe haikumaliza kikombe cha chai, maana alitoa jina la pili: Jasiri.

Sawa. Yeye ana majina, mimi nina wanyama.

Jumatano, 12 Machi

Jasiri amewasili. Mbwa mkubwa, kifua kama kabati. Mlinzi wa ghala alinipa upesi sana. Nilipaswa kujiuliza kwa nini. Anaogopa ngazi. Anaogopa miavuli. Hekima akimtazama tu kwa lile jicho moja na nusu, anageukia ukutani.

Mchana upepo ulibamiza mlango. Jasiri aliingia chini ya meza ya kazi na meza ikaenda naye. Chupa ya wino wa zambarau ikapasuka. Sasa nina mbwa wa zambarau kuanzia tumboni kushuka chini, na oda nzima ya chama cha wafuga nyuki ina alama za miguu yake.

Lakini bahati, Mwalimu Mkuu alikuwa anapita. Nikapaza sauti: Jasiri, toka huko, ni mlango tu! Akasimama. Akamtazama mbwa. Akamtazama paka. Akanitazama mimi. Mwanamke huyu amesahihisha madaftari miaka ishirini na saba. Anamjua mtu mwenye jambo lake. Akaondoka bila neno.

Sikuupenda ule ukimya.

Ijumaa, 14 Machi

Kinyozi ameniambia, naye kaambiwa na shemeji wakati ananyolewa: kuna jina la tatu. Mwalimu Mkuu kalitoa kwa kaka yake na kwa mdogo wangu tu, na kawaapisha wasilitaje mbele yangu. Ni wazi anaogopa mnyama wa tatu.

Nimembana shemeji kwenye ngazi. Akasema nivute subira, nitafurahi. Nitafurahi! Tangu lini yule mama akapanga jambo nikafurahi? Huu ni mtego. Na jina nisilolijua nitampa nani? Nimeshaona bata mmoja mjinga kule sokoni, yupo tayari, lakini nitamwitaje?

Jumamosi, 15 Machi

Nimepiga moyo konde, nimepanda juu. Mdogo wangu alikuwa anakunja nguo, miguu imemvimba. Nikamwambia lile jina la tatu nimeshalijua. Uongo mtupu, lakini uso sikuukunja. Akaacha kukunja nguo. Akaniuliza kama kweli nalijua. Nikasema tangu zamani, na halifai.

Akataka kujua lina ubaya gani.

Hapo nikafunguka. Nikasema ni jina zito mdomoni, la kizamani. Wenye jina hilo nimewachongea vibao, nawajua. Wakaidi. Wanajitia kujua kila kitu. Hawaoi, na mwisho wa siku wanazeeka wakiongea na paka. Mtoto atataniwa shuleni mpaka amalize.

Mdogo wangu alicheka mpaka akashika tumbo. Kisha akaona sitanii, akaacha.

"Kaka," akasema, "sikujua kama unaliona hivyo."

Nikasema ukweli lazima mtu auseme. Akasema basi, kama ni hivyo, litaachwa.

Nimeshuka nikipiga mluzi. Hata Jasiri hakuogopa.

Jumapili, 16 Machi

Mtoto kazaliwa alfajiri! Kilo tatu na nusu. Mama mzima, mtoto mzima. Nilikimbilia hospitali na kibao changu ndani ya mfuko wa karatasi.

Mwalimu Mkuu alikuwa kwenye benchi nje ya wodi. Akanisogezea nafasi. Akaongea kwa upole, na hilo lilinitisha kuliko kama angenifokea. Akasema amenishindwa. Jina la tatu lilikuwa langu. Alisema mtu anayefikia kufuga mbwa mwoga kwa ajili ya jina, basi apewe apumzike. Wote walikubali. Walinificha ili siku ya kuzaliwa mtoto wanishtukize.

"Halafu ukapanda mwenyewe," akasema, "ukaenda kulifuta."

Nilikaa. Mfuko nikauweka magotini. Hakuuliza una nini ndani, nikamshukuru kimoyomoyo.

Nilipoingia, mdogo wangu alikuwa amechoka na anang'aa. Nikamwambia yale ya jana nilikuwa natania. Akasema hapana, kaka, na hata hivyo mwenye jina yupo bado, analitumia, aendelee nalo. Mtoto anaitwa Hekima.

Nikasema hilo jina la paka!

Akasema anajua. Siku ile nikishuka ngazi alinisikia nikimuuliza paka kama amekula.

"Ndivyo ulivyokuwa ukiniuliza mimi," akasema. "Kila nikitoka shule. Ulikuwa unaanza kwa kunisema, halafu unauliza kama nimekula. Nataka mwanangu aitwe hivyo unavyoita."

Nikasema wodi hii ina vumbi. Muuguzi akanijia juu, eti wamepiga deki saa hiyohiyo.

Kisha wakanipa mtoto. Mwepesi kuliko mbao. Alikuwa na jicho moja wazi na moja limefumba nusu. Sikumwambia mtu.

Alhamisi, 20 Machi

Wamerudi nyumbani. Nimechonga kibao kipya chenye jina Hekima, nikakipandisha juu mwenyewe. Mwalimu Mkuu akavaa miwani, akasema K imeinama. Nikabisha. Nikaenda kupima kwa rula. Imeinama.

Uani sasa ni vurugu. Nikiita Hekima, paka anakuja mbio, mtoto huko juu anaanza kulia, Jasiri anajificha kwa sababu mtoto analia, na shemeji anachungulia kuuliza nimemwita yupi.

Jumamosi, 22 Machi

Nimetulia, nimewaza, nimejifunza. Jina ni la mwenye kupewa. Anayelazimisha anaumia bure. Kuanzia leo mambo ya majina ya watu siyaingilii tena, kamwe. Nimeyaandika haya asubuhi, kwa moyo mweupe kabisa.

Mchana tumeitwa kwenye mkutano wa mtaa. Uchochoro wetu haujawahi kuwa na jina, na sasa kamati inataka upate jina na kibao. Mapendekezo mpaka Jumatano. Nilikuwa najiandaa kusimama, kwa unyenyekevu, nitaje jina la mkazi mmoja wa siku nyingi, fundi, mtu wa watu. Fundi cherehani akaniwahi. Akasema uchochoro uitwe Amani. Wakapiga makofi! Hata Mwalimu Mkuu, ambaye hakai huku, alipiga makofi.

Uchochoro si mtu. Hilo halimo katika niliyoyaapa asubuhi.

Nimetoka sasa hivi kwa mlinzi wa ghala. Anamfahamu mtu mwenye punda anayepiga mateke.