Siku Bodi ya Tangi Ilipogeuzwa Uso

Kabla sijaona vita, niliona kandambili. Shujaa alikuwa amevaa ya kushoto mguu wa kulia na ya kulia mguu wa kushoto, na hivyo ndivyo alivyotembea kutoka kwao hadi karakana yake, vidole vyake vidogo vimetoka nje kama majirani wanaochungulia ugomvi. Nikasema moyoni, leo ni leo.

Basi nyamazeni, enyi watu wa Magogoni. Wenye mikokoteni wa Kongowea, egesheni. Wenye kukaanga, punguzeni moto. Mwenye mtoto anayelia, amnyonyeshe. Kwa maana nawaletea habari ya Taufiq mwana wa Khatibu, mfufuaji wa redio zilizokwisha kukafiniwa, ambaye feni zilizosahau kuzunguka zikimwona huzunguka kwa haya. Nawaletea habari ya siku aliyoketi mbele ya kompyuta akayatayarisha mafaili ya bodi ili kiwanda kiitengeneze. Ewe Mola unayefungua yaliyofungwa, nifungulie na mimi kinywa, kwa maana mbele za watu hakifunguki upesi.

Chanzo cha vita kilikuwa maji. Pampu ya tangi la msikiti wetu haikujua kuacha. Ikiwashwa, hujaza tangi mpaka likafurika, maji yakashuka ukutani na kuingia katika viatu vya waliosujudu. Ikizimwa, husahauliwa, na waja wakija kutawadha hukuta mfereji unakohoa. Ndipo Ijumaa moja, baada ya swala, Taufiq akasimama mbele ya safu zote, akanena: "Wazee wangu, wallahi, kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama, pampu hii itajua yenyewe lini ianze na lini iache." Kiapo kile kikatoka mlangoni, wala hakuna aliyeweza kukikimbilia. Na aliyeapa msikitini akashindwa hana pa kuuweka uso wake, hata safu ya nyuma.

Kwa asiyejua, bodi ni kibao chembamba chenye njia za shaba ambamo stima hupita, kama vichochoro vyetu, ila hizo hazina mitaro. Zamani Taufiq alizitengeneza mwenyewe, na silaha yake ilikuwa pasi yangu. Mimi ni Tumu. Napiga pasi nguo za watu katika kibanda kilichoegemea karakana yake. Alichapa mchoro kwenye karatasi ya kung'aa, akaulaza kifudifudi juu ya shaba, nami nikaukandamiza kwa pasi mpaka wino ukahamia shabani. Kisha bodi ikatiwa dawa, na dawa ikala shaba yote isipokuwa ile iliyojificha chini ya wino. Na kwa kuwa karatasi hulala kifudifudi, sharti mchoro uchapwe umepinduliwa, kama unavyoonekana kiooni, ili ukihama ukae sawa. Sheria hiyo aliishika kama anavyoishika Fatiha.

Lakini bodi za pasi huliwa na chumvi ya hewa yetu. Ile aliyoijaribu msikitini iliota ukungu wa kijani ikafa changa. Akaazimia kutumia kiwanda cha Uchina, ambako bodi huvishwa ngozi ya rangi isiyopenyeka. Binamu yake Anwar alikuwa hukohuko akinunua bidhaa, naye angezileta sandukuni. Ila kiwanda kilikuwa kinafunga kwa sikukuu ya mwaka mpya wao. Mafaili yasipokubaliwa siku hiyo kabla ya Alasiri yetu, basi bodi hazitakuja, Ramadhani itaingia, na kiapo kitamkalia Taufiq shingoni.

Shujaa akaketi, akavunja vidole, akaamuru majeshi yatoke. Likatoka faili la shaba ya juu, likang'aa. Likafuata faili la shaba ya chini, nduguye ambaye hawajaonana uso tangu kuzaliwa. Likatoka faili la rangi ya kijani, mvaa joho. Na faili la matundu, mwenye mkuki. Na faili la maandishi, mchukuzi wa bendera iliyoandikwa TANGI LA MSIKITI. Akayafunga yote katika kifurushi kimoja, akasema bismillahi, akayatuma ng'ambo.

Mara jibu likarudi: mpaka wa bodi hauonekani, tukate wapi?

"Wasemaje hao?" akauliza shangazi yake, Mwanasaumu, anayekaanga viazi hapo mlangoni.

"Wasema hawauoni mpaka, shangazi."

"Hata mie ningekataa. Shamba haliuzwi bila mpaka. Watu hununiana hadi kaburini kwa mkorosho mmoja."

Taufiq akainamia kompyuta, akaanza kuuchora mpaka, upande baada ya upande, kama sultani anayezungusha ukuta mji wake. Alipofika pembe ya mwisho, kioo kikawa cheusi ti! Kompyuta ile ni kongwe, haina betri, nayo na pasi yangu hunywa stima katika waya mmoja. Pasi ilikuwa imevuta pumzi.

"Tumu! Pasi!"

Nikaing'oa. Lakini mezani palikuwa na suruali ya Musyoka, askari wa zamu wa ghala moja, naye mwenyewe amesimama pale kibandani amejifunga kikoi, kwa sababu suruali ya kazi anayo hiyo hiyo.

"Dada Tumu, mimi naingia kazi saa hii," akasema. "Nikalinde ghala na kikoi? Mwizi si atanisalimia?"

Nikainamisha kichwa. Taufiq akasimama juu ya kandambili zake zilizokosana, akahutubia:

"Ewe Musyoka, mlinzi wa malango! Mguu mmoja wa suruali yako umenyooka, wa pili bado. Kesho historia itakuuliza: ulitaka mguu wa pili, au maji ya udhu ya umma mzima?"

"Historia si supavaiza wangu," akasema Musyoka. Akatazama kompyuta, akatazama suruali, akavuta kigoda. "Haya. Lakini harakisha, boss. Hapa kuna upepo."

Kompyuta ikaamka polepole, kama mgonjwa anayetaka kwanza kujua nani kaja kumzuru. Mpaka ukachorwa upya. Kifurushi kikafungwa upya. Nami nikasimama nimeishika plagi ya pasi mkononi, nimeikaza kama mtu aliyemkamata nyoka kichwani, isije ikarudi ukutani yenyewe. Kikatumwa. Safari hii kiwanda kilileta picha ya bodi kama itakavyokuwa. Sote tukaisogelea: shangazi na mwiko wake, Musyoka na kikoi chake.

Mwanasaumu akakunja macho. "Mbona maandishi yaanza kulia kwenda kushoto? Mwawaandikia Waarabu?"

"Si Kiarabu, shangazi."

"Najua si Kiarabu, nimesoma chuo cha Kurani miye! Hata Kiarabu hakikai hivi. Herufi zenyewe zimetupa mgongo, kama zimetukanwa."

"Hiyo ni virusi," akasema Musyoka kwa utulivu wa mtu asiye na suruali.

Taufiq akainamia kioo. Aliitazama picha. Akaitazama pasi yangu, iliyokuwa ikipoa juu ya meza. Akaitazama tena picha. Kisha akajipiga kofi la utosi lililosikika hadi kwa kinyozi.

"Enyi mliohudhuria!" akalia. "Adui hakutoka ng'ambo, adui ni mkono huu! Nimeupindua mchoro kwa ajili ya pasi. Nimewapindulia Wachina, na Wachina hawana pasi!"

Ilikuwa kweli. Kwa mazoea ya siku zote alikuwa ametia alama kisanduku cha kupindua, na kiwandani hakuna karatasi ya kulazwa kifudifudi. Bodi ingekuja kila mguu wa kifaa ukiwa mahali pa mwenzake, na pampu ingewaka tangi likijaa na kuzima likikauka.

"Yaani ingefanya yale yale inayofanya sasa," akasema Mwanasaumu, "ila kwa bodi nzuri."

Hapo kipaza sauti cha msikiti kikakohoa. Mwadhini alikuwa anakigonga kwa kidole, na sote tulijua maana yake. Taufiq akaushika upanga wake, ambao watu wengine huuita kipanya. Kule pembeni mwa kioo kilikaa kisanduku, kidogo kuliko punje ya mchele, na ndani yake alama imejikunja kama tandu. Akalenga, akabofya. Alama haikutoka, maana kipanya kile kilikuwa na viazi ndani. Akakipuliza, akakisugua kwenye paja, akamtaja Mola, akabofya kwa nguvu za ukoo mzima wa Khatibu. Alama ikatoka! Majeshi yakageuka uso kwa pamoja, yakafungwa, yakatumwa. Tukangoja bila kupumua, hata mafuta ya viazi yakanyamaza.

Maandishi ya kijani kiooni. Yamekubaliwa.

Na mara "Allahu akbar" ikapaa kutoka mnarani.

Mwanasaumu alipiga vigelegele mpaka wateja wakadhani kuna posa. Musyoka akarukaruka akisahau amefunga nini, kikoi kikamponyoka kidogo, akaokolewa na mwiko. Basi iandikwe, na wajukuu wafundishwe, kwamba siku ile, adhana ikiwa kooni mwa mwadhini, Taufiq mwana wa Khatibu alikivua kisanduku alama yake. Na tangu hapo Magogoni husemwa "kabla ya kisanduku" na "baada ya kisanduku".

Nilipokuwa namalizia mguu wa pili wa Musyoka, Taufiq alipita kibandani akienda swalani. Akasimama.

"Tumu, pasi yako sasa imestaafu. Sitakusumbua tena."

Nikasema, "Haya," kwa kuwa ndilo neno lililotoka.

Lililobaki ndani ni hili, nami nalisema: hukunisumbua, Taufiq. Siku zile ulizokuja na karatasi yako ukaikuta pasi tayari imeshika moto, mezani kwangu hapakuwa na nguo ya mtu. Nilikuwa nimeiwasha kwa ajili yako.