Mama Mmoja, Simu Ishirini na Mbili

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Mungu amenifungulia mlango, tena kwenye simu. Nimepata mtandao unaotengeneza app nzima, sehemu ya mbele wanayoiona watu na ghala la taarifa nyuma yake, bila wewe kujua hata neno moja la lugha ya kompyuta. Unaeleza shida yako, unabonyeza, inajenga. Siku saba bure za kujaribu.

Nitaijaribu kwa zamu za ibada za jumuiya yetu hapa Mkuza: wiki hii kwa nani, wiki ijayo kwa nani. Miaka sita ya ukatibu nimeandika zamu kwenye daftari la kaunta. Jumapili ni uchaguzi, na Wilfred anaitaka nafasi yangu. Katibu ndiye atakayekwenda semina Kisarawe. Wilfred ana mwandiko mzuri. Basi, hana kingine. Bwana anisamehe.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeandikisha nyumba zote ishirini na mbili. Fomu inataka jina la kwanza na la pili. Rahisi! La kwanza: Mama. La pili: Brighton. Mama, Eliya. Mama, Wema, huyu ni mke wangu Elinipa. Nani anajua Mama Brighton alibatizwa nani?

Ikauliza imtambue kila mtu kwa simu, kwa namba, au kwa jina la kwanza. Jina la kwanza, bila shaka. Washarika hatuwaiti namba.

Elinipa akachungulia, akauliza mbona wote wanaitwa Mama. Nikamwambia kwa sababu ni akina mama. Akarudi kwenye mchicha wake.

Tathmini hadi sasa: urahisi kumi, kasi kumi, adabu saba. Niliisalimia, ikanyamaza.

Jumatano, 8 Oktoba

Dukani Wilfred aliuliza mbele za watu, je, simu ikiisha chaji? Nikamuuliza, je, daftari likinyeshewa? Walicheka wote. Nimetubu ile raha niliyoisikia. Nusu yake.

Nimeiamuru app ipange zamu yenyewe, imtumie ujumbe mwenye zamu ya kesho. Daftari la kaunta nimempa Elinipa awashie mkaa. Hakuna kurudi nyuma.

Alhamisi, 9 Oktoba

Ujumbe umeingia kwa Elinipa! "Mama, ibada ya leo saa kumi ni nyumbani kwako." Kumbe zamu ni yetu. Nikaona ni heshima kutoka juu. Elinipa akakaanga maandazi, akachemsha chai ya birika mbili. Mimi nikapanga viti.

Saa kumi, hakuna mtu. Saa kumi na moja, hakuna mtu. Nikajua ni mgomo, na aliyeuchochea ni Wilfred.

Mara akaingia Mwinjilisti Jumbe, jasho tupu. Akasema ametoka nyumba tano akiitafuta ibada. Kila nyumba mama amevaa kitenge kipya, viti vimepangwa, chai tayari, na hakuna aliyemruhusu kuondoka bila kunywa. Yetu ilikuwa ya sita. Akaomba simu yangu, akaipekua orodha yote.

"Baba Wema," akasema taratibu, "huyu Mama ni nani?"

Ndipo akanionyesha. App imeona mtu mmoja tu, anaitwa Mama, ana simu ishirini na mbili, na zamu ni yake. Kila mmoja amekaa kwake akingoja wenzake.

Elinipa alimmiminia chai. Akainywa, maskini.

Ijumaa, 10 Oktoba

Akina mama hawanisalimii. Maandazi tumeyala asubuhi, mchana na jioni. App sina lawama nayo, ilifanya nilivyoiambia. Utii kumi. Wenye kosa ni watu waliokubali kuitwa jina moja.

Jumapili, 12 Oktoba

Wilfred kura thelathini na tano. Mimi mbili. Nilimshukuru Elinipa njiani kwa ile ya pili. Akasema hakuwa yeye.

Mimi nimekabidhiwa utunzaji wa viti vya plastiki vya jumuiya, sitini. Wakadhani nitanuna. Lakini viti hivyo vimeazimwa kwa ajili ya semina, na lazima mtu aende navyo. Kisarawe ninakwenda! Juu ya fuso, ila ninakwenda, na makatibu wote wataiona kazi yangu.

Nimeshafungua app mpya kwa simu ya Elinipa, siku saba nyingine bure. Viti sitini vyote nimeviandikisha. Jina la kwanza: Kiti. Sasa inauliza itambue kila kimoja kwa nini.

Swali gani hilo? Jina la kwanza.