Mkurugenzi wa Filamu wa Kabasa na Ng'ombe wa Mzee Mugeta

Katika mkoa huu wa Mara, kuanzia Musoma kwenye mawe mpaka Bunda kwenye vumbi, hajazaliwa mtu anayejua filamu kunizidi mimi, na kama alizaliwa basi alishakufa kwa wivu! (Makofi. Mtu wa benchi la nyuma anapiga mluzi.) Mimi nikikuona unavyokula sato, kama unaanzia kichwani ama mkiani, papo hapo najua wewe ni mtu wa filamu za mapigano ama za kulia. Madaktari wanapimaga damu. Mimi napima kwa macho, na sijawahi kumuua mtu!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mzee Mugeta kutoka Butiama, mwenye zizi lake, kofia yake na fimbo yake ambayo naomba aiweke chini ya benchi kwa sababu za kiusalama. Mheshimiwa Gasper, mmiliki wa banda hili la video hapa Kabasa, Bunda, pamoja na mabati yake, mabenchi yake na jenereta lake lililogoma. Waheshimiwa waendesha bodaboda. Waheshimiwa akina mama wa dagaa mkiongozwa na Mama Getruda. Viongozi wa dini mliopo na mliojificha nyuma ya nguzo. Waheshimiwa watoto mliopenya chini ya mabati mkadhani sijawaona. Na kwa namna ya pekee kabisa Bi. Debora, binti wa Mgeni Rasmi, aliyekaa pale pembeni akijifanya hanijui: itifaki imezingatiwa! (Makofi. Debora anaangalia ukuta.)

Ndugu wananchi, umeme umekatika, filamu imeishia njiani na ninyi mnadai kiingilio chenu, kwa hiyo mimi Abednego, Mkurugenzi Mkuu wa Mapendekezo ya Filamu Kanda ya Mara, msomi wa kidato cha pili kilichokatizwa na sababu za kiutawala, nimeona nipande juu ya kreti hili la soda niwahutubie. Ninafahamu kwamba Mgeni Rasmi hajaja kuangalia filamu. Alikuja sokoni, Debora akamwomba apite hapa anisikilize kwa masikio yake, maana tangu siku ya posa, ile siku ya ile filamu, amekataa kuwapokea wazee wetu, na amesema akipanda gari la kurudi Butiama leo hajaridhika, mimi na binti yake basi. Suala hilo nimelipokea, linafanyiwa kazi, na liko kwenye agenda ya Mengineyo.

(Mzee Mugeta: "Tuanzie hiyo hiyo Mengineyo.")

Ahsante sana Mgeni Rasmi kwa mchango wako wenye tija! (Kicheko.) Tutaifikia. Kwanza nina jambo la kimaendeleo.

Ninayo furaha isiyo na kifani, ambayo imeninyima hata chakula cha mchana, kuwatangazia kwamba Mradi wa Jumba la Sinema la Kimataifa la Skrini Tatu umekamilika kwa upande wa upembuzi yakinifu, mkakati, dira, dhima na kila kitu kinachoandikwaga kwenye karatasi, ambapo skrini ya kwanza itakuwa Iringo pale Musoma mjini, skrini ya pili ni hapa hapa Kabasa, na skrini ya tatu itakuwa Butiama, jirani kabisa na kwa Mgeni Rasmi, ili akitaka filamu asivae hata viatu! (Vigelegele.) Kutakuwa na viti vya kubonyea, siyo haya mabenchi yanayong'ata. Kutakuwa na bisi za chumvi na bisi za sukari. Na choo chenye mlango! (Watu wanasimama. Makofi marefu.)

Utafiti wa kisayansi nilioufanya kwa ushirikiano mkubwa na mimi mwenyewe unaonyesha kwamba asilimia tisini na nane ya wananchi wa Mara wanaangaliaga filamu zisizowafaa, na asilimia nyingine ishirini na mbili wanasinziaga kabla hata majina ya waigizaji hayajaisha.

(Sauti: "Hizo zimezidi mia!")

Zimezidi kwa sababu tumevuka lengo! (Shangwe. Mtu anampongeza mwenzake bila sababu.)

Kwa hiyo nisikilizeni, na mwenye simu arekodi. Ndugu zangu wavuvi mliotoka ziwani, na mimi ni mtoto wa mvuvi, kwetu tunaanikaga dagaa mpaka juu ya makaburi: ninyi msiangalie filamu za meli kuzama. Mtu umeshinda na mawimbi, upepo umekuchapa masikio yote mawili, halafu uje ulipe kiingilio umwone mwenzako wa Ulaya anazama amevaa suti? Kwenu nyinyi ni filamu za jangwani, zile za makofia makubwa na farasi, ambapo watu wazima wenye ndevu wanapigana risasi kutwa nzima kugombania kisima kimoja. Baba yangu mdogo Silasi aliiangaliaga hiyo hapa hapa, akacheka mpaka akadondoka kwenye benchi, akauliza, "Sasa hawa si wangehamia tu Musoma?" (Kicheko kikubwa.)

(Mvuvi mmoja, Masatu: "Na mwishoni kisima anabaki nacho nani?")

Mheshimiwa Masatu, mwisho ni suala la kisera.

Tuje kwa Mama Getruda. Mama yangu, watu wa sokoni wanakuonaga mkali, mteja akishika dagaa wako bila kununua unamwangalia mpaka anaomba msamaha, lakini mimi jicho langu halidanganyiki, wewe ni mtu wa filamu za Kihindi, zile za mama aliyepotezana na mwanae kwenye sherehe, kila mtu ana kipande chake cha mkufu, wanapishana barabarani mpaka mtoto anaota ndevu. Ile uje na kanga mbili, moja ya kuvaa na moja ya kamasi.

(Mama Getruda: "Nilikuja, nikalia, umeme ukakatika. Walikutana hawakukutana?")

Wakutane wasikutane, Mama, cha msingi ni mchakato.

(Mama Getruda: "Mchakato ndiyo nini? Mimi sijalala vizuri tangu siku hiyo!")

Hoja imepokelewa! Nahamia kwa vijana wa bodaboda. Ninyi, kuanzia leo, ninawapiga marufuku filamu za magari kukimbizana, kwa sababu juzi mmoja wenu, simtaji, amevaa fulana nyekundu, alitoka hapa moja kwa moja akampakia abiria wa kwenda stendi akampitisha katikati ya meza za nyanya, na abiria mwenyewe alikuwa katekista. (Kicheko. Mwenye fulana nyekundu anainama.) Ninyi ni filamu za mapenzi, tena zile taratibu, ambazo mtu anamwangalia mwenzake dirishani mvua inanyesha na hakuna anayesema kitu. Mkitoka hapo mtaendesha kama mmebeba mayai.

Mwenye shemeji aliyekuja kusalimia akaota mizizi, yupo? (Mikono mingi inanyooka.) Filamu ya kutisha! Siyo ya damu nyingi, hapana, ya mlango tu. Mlango unaojifungua wenyewe polepole, kiii, na hakuna mtu. Muwekee baada ya ugali, umwonyeshe kwamba mlango wa chumba anacholala nao unaliaga hivyo hivyo. Alfajiri utamkuta stendi ameshapata siti. Na nyie wanakwaya, komedi, lakini msicheke kwa sauti nne, mnawachanganya wengine. Halafu kuna watu wananisumbuaga, Abednego tuwekee filamu za wanyama, simba na tembo. Watu wa Bunda jamani! Tembo si anakujaga mwenyewe shambani? Tena bure, hana matangazo, anakula mahindi yako mbele yako na anaondoka kabla hujapiga makofi! (Shangwe. Kreti linayumba. Gasper analishika.)

Kwa takwimu hizo basi, na kwa umahiri huu ambao hata mimi mwenyewe unanishangazaga...

(Mzee Mugeta ananyanyua fimbo kutoka chini ya benchi: "We mura, we kijana! Na wafugaji?")

Mgeni Rasmi, wafugaji ni wadau muhimu sana wa...

("Nimekuuliza wafugaji. Unatupendekezea ipi?")

(Nje mbuzi analia. Mtu anasema taratibu, "Ipo ile ya ng'ombe.")

Wafugaji, Mheshimiwa, bado tupo kwenye hatua ya kukusanya maoni...

(Mzee Mugeta anawageukia watu: "Huyu alinipelekea filamu nyumbani kwangu. Siku ya posa. Akaapa mbele ya ndugu zangu, akasema, mzee, hii naijua yote, imetengenezwa kwa ajili yako, tuangalie wakati nyama inaiva. Tukakaa. Ng'ombe wazuri, majani mabichi, na kijana mmoja mpole anakuja kuposa kwa mfugaji. Tukampenda wote. Harusi ikafanyika, mke wangu akapiga vigelegele mle mle ndani. Halafu yule mkwe akafanya nini?")

Mgeni Rasmi, mbele ya watoto...

("Aliuza ng'ombe wote wa baba mkwe wake usiku, akatoroka na mke wa jirani!")

(Kelele. Mama Getruda anashika mdomo. Masatu: "Ulipeleka hiyo kwenye posa?")

Tulipata changamoto, sikatai! Ndugu yake Mzee, Baba Lukas, alitoka nje mbio akakagua zizini, ng'ombe mmoja mmoja, kama wapo. Wengine walianza kumwangalia Baba mdogo Silasi, mshenga wetu, kwamba mbona kaja na mfuko mkubwa. Togwa ambayo ilikuwa imeshamiminwa kwenye vikombe ilirudishwa mtungini, nikiona. Na mbuzi aliyekuwa amefungwa chini ya mti kwa heshima yetu, alifunguliwa kamba, akaondoka, na nadhani ndiye mtu peke yake aliyefurahi siku ile. (Kicheko, kinakatika kwa sababu Debora amesimama.)

(Debora: "Abednego, achana na mbuzi. Mwambie baba unapokaaga filamu ikiwa inaonyeshwa.")

Bi. Debora, hilo ni suala la ndani ya taasisi...

("Sema. Ama niseme mimi.")

Mlangoni. Mimi nakaaga mlangoni, Mzee. Filamu ikianza naona mwanzo, naona vizuri kabisa, maana watu bado hawajajaa. Ikifika katikati nafukuza hawa waheshimiwa wa chini ya mabati. Ikikaribia mwisho Gasper ananiambia, toka barabarani uite watu wa filamu inayofuata. Natoka na spika, naita, naisifia hiyo nyingine, nikirudi ndani watu wanasimama wanajikung'uta vumbi, wengine wanalia, wengine wanacheka, na mimi sijui kwa nini. Huwaga nawauliza mlionaje, wanasema safi. Basi na mimi nasema safi. Ile yako niliona kijana mpole, nikaona ng'ombe, nikaona harusi, nikatoka kuita watu. Nikajua imeisha hapo. Harusi si ndiyo mwisho?

(Hakuna anayecheka. Mama Getruda: "Kwa hiyo hata wewe hujui kama mtoto wangu alipatikana!")

Sijui, Mama.

(Mzee Mugeta anaongea taratibu, kama mtu anayeita ndama: "Mura, filamu moja imekushinda kukaa mpaka mwisho. Sasa binti yangu nimpe mtu wa mwanzo mwanzo?")

(Nje gari la Butiama linapiga honi. Watu wote wanaangalia fimbo ya Mzee. Mzee anaingiza mkono mfukoni, anatoa leso, anafungua fundo lililopo pembeni, na ndani yake kuna flashi, ile ya siku ya posa. Anamkabidhi Gasper: "Jenereta likikubali, muweke hii. Ile ile." Honi inapiga tena. Debora: "Baba, gari." Mzee: "Liende, tutapanda la pili." Anasogea kwenye benchi, anapapasa nafasi iliyobaki kati yake na nguzo huku akimwangalia Abednego. Nyuma ya banda jenereta linakohoa, linakohoa tena, linawaka. Vigelegele mpaka mabati yanatetemeka.)

Ndugu wananchi! Ndugu wananchi, naomba utulivu nihitimishe, siyo kila siku mtu anapataga kreti! Filamu!

("Zichaguliwe!")

Skrini!

("Tatu!")

Sinema ya Kimataifa!

(Gasper: "Iko wapi?")

Namshukuru sana Mheshimiwa Gasper kwa swali hilo. Nawashukuru pia wafadhili wetu, ambao hawakuja kwa sababu hawapo. Namshukuru mhandisi ambaye sijamtafuta. Nakishukuru kiwanja chetu cha Iringo ambacho ni nyumba ya watu na wanakaa humo. Navishukuru viti vya kubonyea. Na kwa dhati ya moyo wangu nazishukuru skrini zote tatu, ambazo kwa sasa ni hii runinga moja yenye mstari wa kijani katikati. Mradi haujachelewa, haujakwama, wala hakuna mtu aliyeula. Haujawahi kuwepo. Niliutunga wakati napanda hapa juu, nilipomwona Mgeni Rasmi anainama kupita mlangoni kwangu na kofia yake, nikatafuta neno moja la kumwambia nikalikosa, nikaona bora niseme mengi.

Hayo yote Bunda itanisamehe, imeshanisamehe makubwa zaidi. Kitu kimoja tu ndicho kiliharibika kwelikweli, tena nilikiharibu mimi na wala siyo filamu: nilimwapia mzee wa watu, mbele ya ndugu zake, kwamba naijua yote, na mimi nilikuwa naijua mpaka kwenye harusi tu. Ahsanteni kwa kunisikiliza. Mlango naomba leo ashike mtu mwingine.