Taka za Somo la Ijumaa

Jumatatu, 14 Aprili

Habari kubwa. Ijumaa mkaguzi wa wilaya anakuja kutazama somo moja tu katika shule nzima. Atakayemridhisha ataenda Ziwa Issyk-Kul mwezi Juni, siku kumi, kuwafundisha walimu wengine. Siku kumi za maji baridi, samaki wa kukausha, na watu wazima wanaonisikiliza. Nilinyoosha mkono kabla mkuu wa shule hajamaliza sentensi.

Gulbara wa biolojia naye akanyoosha. Alitegemea kushinda, maana mada ni uharibifu wa mazingira, na tangu apande miti ya shule hatupumziki kuisikia. Lakini mkaguzi anataka somo la kusoma kwa Kiingereza. Darasa la tisa. Langu! Gulbara akanipongeza kwa sauti ya mtu anayeumwa jino.

Jumanne, 15 Aprili

Nimejaribu habari iliyomo kitabuni. Mto wa nchi ya mbali, plastiki, kobe wa baharini. Watatu wamesinzia. Nikamgeukia Perizat, ambaye tangu Septemba Kiingereza chake chote ni kuitikia jina. Nikamuuliza anawaonea huruma kobe? Akajibu kwa Kikirgizi, akiniita agai, yaani mwalimu:

“Agai, mimi kobe wa baharini sijamwona hata siku moja. Nimhurumie vipi mtu nisiyemjua?”

Darasa likacheka. Mimi nikapata wazo. Kwa nini kobe, na mfereji wetu uko hapo nyuma ya shule? Nimeandika habari mpya wakati wa chakula cha mchana, chai ikapoa. “Kifo cha Mfereji.” Aya ya tatu imenitoa machozi. Nimechapa nakala thelathini papo hapo.

Jumatano, 16 Aprili

Balaa. Nimewapeleka kuuona mfereji unaokufa. Ni mzima kabisa. Kokoto za chini zinahesabika. Kumbe Jumamosi Gulbara na chama chake cha wanafunzi waliusafisha kwa reki. Bata alikuwa anaogelea, tena kwa raha. Ulan, mwanafunzi anayekaa dirishani, akauliza maiti iko wapi.

Gulbara akapita na ndoo yake. “Vipi, Emilbek? Umekuja kujifunza usafi?”

Nikamjibu kwa heshima kwamba natazama bata.

Ama nibadilishe habari, ama nibadilishe mfereji. Habari nimeshaichapa.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimefanya. Ni kwa siku moja tu, Jumamosi nitaondoa kila kitu mwenyewe. Magunia mawili ya taka mferejini: moja la stoo ya nyumbani, moja la kabati langu la ofisini. Nilikwenda saa ile wote wako ukumbini wanafanya mazoezi ya nyimbo. Sikumwaga ovyo. Nilipanga. Chupa mwanzoni, makopo ya jamu katikati, kiatu cha mvua nikakining'iniza kwenye tawi la mti. Bata akaondoka. Moyo unanidunda kama wa kijana aliyeandika barua ya mapenzi.

Mke wangu Burulkan ameona stoo tupu, akanisifu mbele ya mama yake. Sikumkatiza.

Ijumaa, 18 Aprili

Niandike kwa utaratibu.

Mkaguzi, Bi Sanobar, suti ya kahawia, daftari gotini. Gulbara kakaa pembeni yake. Tulianza vizuri mno. Wakabashiri habari kutokana na kichwa chake, wakawinda maneno mapya, wakasoma kwa zamu. Kisha tukatoka hadi mferejini, nikatoa agizo nililojivunia wiki nzima: asiseme mtu jambo lolote bila ushahidi, kutoka kwenye habari au kutoka majini.

Perizat akashuka ukingoni. Akaokota kopo. Akafungua kinywa, na kikatoka Kiingereza.

“Kopo hili lina karatasi. Imeandikwa: jamu ya aprikoti, Burulkan. Ingawa habari inasema taka zimetoka mjini, nafikiri zimetoka nyumbani kwa agai.”

Ingawa! Miezi mitatu nimelifundisha neno hilo na hakuna aliyelitumia.

Ulan akavua karatasi iliyolowa. Mtihani wake wa Novemba, ule niliomwambia umepotea. Alisema hivyo kwa Kiingereza, na kwa uchungu wa kweli. Basi likawa soko. Wakabishana, wote, hata wale watatu wa kusinzia: nimefanya kwa bahati mbaya au kwa kusudi? Wakarudi kwenye aya ya pili, wakapiga mstari, wakanionyesha. Nilimsahihisha mmoja kitenzi chake bila kufikiri. Nilikuwa naangamia na nilikuwa na furaha.

Wakati huo chupa zilikuwa zimejikusanya kwenye lango la maji. Maji yakapanda, yakamwagikia bustani ya miche ya Gulbara. Akaingia na viatu vyake. Nikaingia na suti yangu. Tukavuta taka bila kutazamana.

Nilipotoka, Bi Sanobar akauliza, “Ni wewe?”

Nilikuwa na uongo tayari, mzuri kabisa. Lakini Perizat alikuwa ananitazama.

“Ni mimi, mama.”

“Agai,” Perizat akasema, Kikirgizi safari hii, “tuliiamini ile habari. Mimi niliisoma mara mbili nyumbani.”



Jumamosi, 19 Aprili

Kutwa ndani ya mfereji. Nimeomba radhi darasa zima, kisha Gulbara. Gulbara akanipa reki. Tumeotesha upya miche, mistari sita.

Uamuzi wa mkaguzi umefika. Anasema hajasikia watoto wakisoma hivi kwa miaka mingi. Mimi nimepata onyo la maandishi. Ziwani ataenda Gulbara, na Perizat atakwenda naye kusoma insha yake mbele ya walimu. Inaitwa “Mwalimu Aliyechafua Maji.” Kaniletea niisahihishe. Kurasa mbili, makosa manne! Nimeisoma tena na tena, nikamsomea Burulkan, ambaye kwa sasa haongei nami.

Jumatatu, 21 Aprili

Darasa limeniuliza leo tunasoma nini. Wameuliza wenyewe, vitabu viko wazi. Sura mpya: hewa chafu mijini. Nikatazama nje. Anga jeupe, milima yote inaonekana, hewa inanukia maua ya aprikoti. Watoto wataelewaje kwa hali hii?

Mzee anayewasha tanuri la kupasha shule joto anasema anayo matairi ya zamani ya kuchoma, hata kumi. Nimemwambia mawili yanatosha, darasa si kubwa.